Mkono Niliokuwa Nauogopa

Mafuta ya moto yalinimwagikia mkono wa kulia mwezi wa Ramadhani, wakati wa alasiri, nikiwa nakaanga sambusa za kufuturu nyumbani kwetu Gitega, Burundi. Mbabula, lile jiko letu la makaa, lilikuwa limekaa vizuri tangu mchana. Sijui mguu wake mmoja ulizama vipi kwenye udongo uliolowa mvua. Niliona karai inainama kuelekea kwa binti yangu wa mwisho, aliyekuwa amechuchumaa akikunja manda, nikaidaka. Watu wengi wameniuliza kwa nini sikumvuta mtoto badala ya kushika karai. Kwa muda mrefu hata mimi nilijiuliza hivyo, lakini ukweli ni kwamba mkono ulikwenda wenyewe kabla sijafikiri lolote.

Mtoto hakupata hata tone. Mimi Idi ilinikuta hospitalini. Madaktari walichukua ngozi ya pajani wakaipandikiza nyuma ya kiganja na juu ya vidole, na walipofungua bandeji walifurahi kwamba imeshika.

"Una bahati, mama," muuguzi aliniambia. "Angalia ilivyo safi."

Sikuangalia. Niligeuza uso ukutani nikamwambia ahsante. Tangu siku hiyo nikawa mtu anayeukwepa mkono wake mwenyewe. Nilipooga niliutoa nje ya beseni kama kitu cha jirani. Kidonda kilipofunga kabisa na bandeji haikuhitajika tena, niliendelea kuuviringisha kwa kipande cha kitenge, na mgeni akija nauficha chini ya ushungi.

Kabla ya kuondoka hospitalini nilipelekwa kwa kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo. Alikuwa mwanaume wa makamo, taratibu sana katika maneno yake. Alishika vidole vyangu kimoja kimoja, akavisukuma mpaka nikatokwa na jasho.

"Maman, hii ngozi mupya iko inavuta," alisema, akichanganya Kifaransa kama wengi huku. "Kila siku ufungue, ufunge, ufungue, ufunge. Doucement, taratibu. Ukiacha, vidole vitabaki vimejikunja hivi." Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe, ameukunja kama mguu wa kuku.

Mfano ule ulinikaa kichwani. Mimi ni mtu wa mikono. Sambusa na chapati zangu zilikuwa zinachukuliwa na maduka ya mtaa wetu wa Waislamu, na mume wangu ni fundi cherehani. Nyumba yetu yote inaishi kwa vidole. Nilianza kuamka na moyo unapiga mbio kabla hata ya kujua ni kitu gani kinaniogopesha. Nikisikia mafuta yanachacharika nyumba ya jirani, mwili mzima unakufa ganzi. Nikienda sokoni nilizunguka njia ndefu ili nisiwapite wanawake wanaokaanga maandazi kando ya barabara. Siku moja mume wangu alipasha mafuta kidogo ya kuunga maharage, nikajikuta nimetoka nje peku, nimesimama kwenye mvua, siwezi kupumua.

Alinifuata na mwavuli. Baadaye akasema, "We nenda kwa mama yako, Muyinga. Hapa kila nyumba iko inakaanga kitu."

"Na watoto?"

"Watoto niko nao. Mi nitapika ugali na maharage mpaka wanichukie. We nenda upone."

Basi nikaenda Muyinga kwa njia ya Karuzi, mkono nimeupakata kifuani. Kila gari lilipoyumba niliuona moyoni umegonga kitu na ngozi imechanika, ingawa haukugonga chochote.

Mama yangu anaishi Muyinga tangu tuliporudi kutoka Tanzania, ambako mimi nilikulia na kusomea katika kambi ya wakimbizi. Ana nyumba ya matofali na nyuma yake vyumba vya kupangisha. Katika chumba kimojawapo alikuwa amepanga mama mmoja Mkongomani, mwenyeji wa Fizi, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Aliuza vitenge. Mali yake aliifuata Kobero mpakani, kwa watu wanaovuka kutoka Kabanga, upande wa Tanzania, kisha akaitembeza kwenye masoko, hasa la Gasorwe, ambako wakimbizi wa kwao ni wengi na wanajua kuchagua kitenge. Alinizidi miaka kidogo, nami nikamwita dada.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi mlangoni pake juu ya blanketi lililokunjwa, mgongo wima, macho ameyashusha, hatikisiki. Jogoo alikuwa anadonoa karibu na miguu yake. Nikafikiri amepata habari ya msiba.

"Dada, unaumwa?"

Akainua macho. "Hapana, mudogo wangu. Niko nakaa tu."

"Unakaa vipi?"

"Nakaa, napumua, naangalia. Ndo ile tu."

Nilidhani ananitania. Lakini mchana, tukichambua mchele, alinieleza. Alikuwa mkimbizi Uganda miaka mingi. Mumewe alifia huko, na baada ya msiba tumbo lake likaanza kumuuma kiasi cha kushindwa kula. Alipewa dawa, zikasaidia nusu. Mwenzake mmoja akampeleka kwenye hekalu la Wabuddha, ambako kulikuwa na mtawa, Mwafrika mweusi kama sisi, amevaa shuka ya rangi ya kutu. Alikwenda kwa sababu ya kivuli na chai, alisema, na akaendelea kwenda kwa sababu pale hakuna aliyemharakisha aache kulia. Mtawa akamfundisha kukaa na kuangalia pumzi.

"Na kanisa uliliacha?"

"Mungu wangu! Dimanche, Jumapili zote, niko kanisani, naimba kuliko wote. Hii ya kukaa si kuabudu, mais ni kufua moyo. Tumbo iliuma bado muda mrefu. Mi ndiye niliacha kupigana nayo, na nayo pole pole ikanyamaza."

Nilimsikiliza kwa heshima, na sikufikiri kwamba maneno yale yananihusu. Mimi nilikuwa na mazoezi yangu. Kila siku nilijificha nyuma ya nyumba, nikauma kipande cha kanga, nikavivuta vidole kwa mkono wa kushoto. Siku moja kanga ikaniponyoka mdomoni na kelele ikatoka. Yule jirani yangu Mkongomani akaja mbio, bado ameshika mita yake ya kupimia vitenge. Akanikuta nimekaa chini.

"Njoo tukae," akaniambia. "Dakika kidogo tu."

Ndivyo nilivyoanza. Na nilianza vibaya, ingawa sikujua. Nilikaa kama mgonjwa anayemeza kidonge na kuangalia mlango kama homa imeshatoka. Yeye alisema niangalie pumzi inavyoingia na kutoka. Mimi niliingojea inifanyie kazi. Nikivuta hewa, moyoni nasema pona. Nikiitoa, nasema pona. Tukimaliza tu, nafunua kitenge kwa pembe, nachungulia vidole kama vimenyooka zaidi hata kwa unywele mmoja, navikuta vilevile, na hasira inapanda. Ile hasira naihamishia kwenye mazoezi. Nikavivuta kwa nguvu zaidi, na mara nyingi kuliko nilivyoagizwa. Katikati ya kidole cha shahada na kile kirefu ngozi ikapasuka na kuanza kutoa maji.

Siku ya kurudi kwa kine Gitega ikafika, na gari hakuna. Petroli ilikuwa imekosekana mji mzima. Magari yalikuwa yamepanga foleni kwenye vituo tangu siku iliyotangulia, madereva wanalala ndani. Nilishinda stendi na mfuko wangu, nimeuficha mkono uliovimba, nasikia unapwita. Kichwani nilikuwa nimeshafika mbali: umeoza, wameukata, mume wangu amechoka na mke wa mkono mmoja, binti yangu amekua akijua kwamba ni yeye aliyesababisha. Dereva mmoja akipita kusema labda kesho, nataka kumshika shati. Nilirudi nyumbani jioni na mfuko wangu, na kesho yake hali ikawa ileile. Nilikuja kupata nafasi baadaye kabisa, mbele kwenye lori la maharage, katikati ya dereva na mwenzake.

Kine alifunua mkono akauona ule mpasuko. Kisha akauliza, bila ukali, "Maman, nani alikutuma uvunje huu mukono?"

"Nataka upone haraka."

"Naona. Mais angalia." Alishika kidole changu, na kabla hajakisukuma, mkono mzima ulikuwa umeshakaza mpaka begani. "Umeona? Bado sijafanya kitu. Mukono yenye inaogopa inajifunga yenyewe. Ukivuta, nayo inavuta. Unapigana na nyama yako."

Akanisafisha, akanipa dawa ya kupaka, akaniamuru kupumzika kabla ya kuanza tena kidogo kidogo. Njia nzima ya kurudi Muyinga maneno yake yalikuwa yananiuma. Ningeachaje kuogopa? Ni kama kumwambia mtu aliye ndani ya mvua akauke.

Yule jirani alikuwa amerudi kutoka soko la Gasorwe, miguu ina vumbi jekundu, anaiosha uani. Nikamweleza yote, na kuhusu kukaa kwetu pia: kwamba najitahidi, nakaa kila siku, na hakuna kitu.

"Ukikaa, unauangalia mukono na roho gani?" aliuliza.

Sikuelewa.

"Kule kwa mutawa," alisema, akijifuta miguu, "mi nilikuwa kama we. Nakaa, naangalia tumbo, nasema toka, toka. Siku moja akaniambia: mama, pumzi unaweza kuiangalia na hasira, ama na tamaa, ama na upole. Pumzi ni ile ile. Lakini chenye kinaota ndani yako si kimoja. Ukikaa saa nzima na hasira, umefundisha roho yako hasira saa nzima." Akatundika taulo. "We unakaa na mukono kama polisi mwenye iko na mwizi. Utapata wapi amani?"

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu hospitali. Akakaa karibu nami, akafungua kile kitenge, akaulaza mkono wangu wenye makovu juu ya viganja vyake viwili vipana. Haukumchukiza. Aliutazama kama anavyotazama kitambaa kizuri.

"Huu mukono ulifanya nini?"

"Uliungua."

"Mbele ya kuungua."

"Ulishika karai."

"Juu ya nini? Kwa sababu gani?"

Uani palikuwa na kuku na nguo za mama zilizoanikwa, na mtu barabarani alikuwa anaita wateja wa parachichi.

"Karai ilikuwa inamwangukia mtoto," nikasema.

"Basi. Ulimulinda mutoto. Na we tangu ile siku unaufunga kwa nguo, unauficha, unauvuta. Haujaupa hata pole."

Nililia pale kama sijapata kulia, wala si kwa maumivu. Aliniacha nilie. Nilipotulia akanifundisha namna nyingine ya kukaa. Kwanza pumzi kidogo, ili mwili utue. Halafu nipeleke fikra kwenye mkono, siyo kukagua, bali kama mtu anavyokaa kando ya mtoto mwenye homa. Na niuambie maneno machache, kimoyomoyo: uwe salama, usiogope, pumzika. Mtawa wake alikuwa na jina la roho hiyo katika lugha ya zamani ya dini yao, metta, ambayo yeye aliitafsiri kuwa ni upendo usiodai.

"Usiuombe upone," alisisitiza. "Hata kidogo. Ukianza kuomba kitu, rudi kwa pumzi."

Hilo la kutoomba lilikuwa gumu kuliko yote. Siku za kwanza nikisema usiogope, hofu ndiyo inaamka. Picha za mafuta zinakuja, harufu inakuja, nasikia joto halisi kwenye vidole. Nikitaka kuinuka, yeye pembeni ananiambia taratibu, "Na ile hofu nayo uiambie pole. Isikae nje peke yake." Basi naiambia pole. Sikuona muujiza. Nilichoona, baada ya muda, ni kwamba naweza kupaka mkono mafuta bila kugeuza uso. Kisha nikaona kwamba ninapofanya mazoezi baada ya kukaa hivyo, bega halikazi mapema. Kidole kinafika mahali pa maumivu, nakaa napo kidogo, nakirudisha. Nikaacha kuuma kanga.

Lakini hofu yangu ilikuwa imepata mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa mama.

Mama yangu ni mtu wa swala. Alikuwa ameniona nimefumba macho na yule mpangaji, na akavumilia. Kisha siku moja alipeleka uji chumbani kwake, akaona juu ya kabati sanamu ndogo ya udongo ya mtu aliyekaa. Alirudi uso umebadilika.

"Huyo mwanamke anakufundisha nini?"

"Kukaa, mama. Kupumua."

"Kupumua ulizaliwa unajua. Nimeona sanamu kule."

"Hatuiombi. Hata hatukai mbele yake. Tunakaa uani, unatuona."

"Mtu akinyamaza bila kumtaja Mungu," mama alisema, "nani anakuja kujaza hiyo nafasi?"

Swali lile lilinitafuna. Niliacha kukaa. Nikaswali kwa wasiwasi, narudia rakaa kwa kudhani nimekosea, najiuliza kama mkono wangu uliungua kwa sababu ya dhambi fulani na kama sasa naongeza nyingine. Siku kadhaa tu, na bega likaanza kukaza tena. Yule jirani hakunisukuma. Alinisalimia kama kawaida, akakaa mlangoni pake peke yake.

Mwisho nilimwendea mama, akiwa anachagua mawe kwenye maharage. Niliufunua mkono mbele yake. Hakuwa ameuona wazi tangu nifike. Kila mara ulikuwa ndani ya kitenge.

"Mama, naogopa," nikamwambia. "Naogopa mafuta, naogopa mkono, naogopa Mungu amenikasirikia. Nikikaa vile, hofu inapungua na vidole vinafunguka. Sitaji kitu chochote pale. Namaliza swala yangu, natoka kwenye mswala, ndipo nakaa. Ukisema ni haramu nitaacha. Lakini nitakuwa naogopa na wewe pia."

Mama aliushika mkono, akapitisha kidole gumba juu ya makovu, pole pole sana.

"Utakaa," akasema, "na mimi nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo. Kila asubuhi baada ya hapo tulikuwa watatu uani: mimi na yule jirani tumeketi kimya, na mama kwenye kigoda chake pembeni, tasbihi mkononi, akimtaja Mungu kwa sauti ya chini kwa niaba yetu sote, ili hiyo nafasi isibaki tupu. Nilikuja kuipenda ile sauti. Wakati mwingine fikra zangu zikitoroka, ni minong'ono ya mama iliyonirudisha kwenye pumzi.

Kisha ikaja zamu ya yule jirani. Vita vilikuwa vimesogea tena upande wa kwao, ng'ambo ya ziwa, na mdogo wake wa kiume alikuwa kule pamoja na mama yao mzee. Alikuwa akiongea nao kila juma. Siku moja simu haikupatikana. Kesho yake hivyo hivyo. Akaenda Gasorwe kuwauliza wakimbizi wapya, akarudi na habari zinazopingana: kijiji kimekimbia chote, hapana, wamebaki, hapana, wamevuka mto wa mpakani. Nilimwona akipiga namba ileile huku anatembea uani, akisikiliza ile sauti ya kampuni ya simu, akikata, akipiga tena. Kicheko chake kilipotea. Asubuhi blanketi lake lilikuwa mlangoni, lakini yeye hakuwepo juu yake.

Nilikuwa nimemfikiria kama mtu aliyevuka hofu. Kumwona hivyo kulinitisha. Kama yeye ametikisika, sisi wengine tumeshikilia nini? Nilikwenda kugonga kwake.

"Dada, tukae."

"Siwezi. Nikifunga macho namuona mama. Niko naogopa, mudogo wangu. Miaka yote hii, mais niko naogopa kama mutoto."

Sikuwa na la kumfundisha. Nikakumbuka tu alivyonifanyia. Nikaketi karibu naye kitandani, nikaupokea mkono wake kwa ule wangu wenye makovu, ambao kwa wakati huo uliweza kufunika mkono wa mtu mwingine, ingawa haukubana. Hatukufumba macho. Nilimwambia, "Hiyo hofu tuiambie pole." Akatikisa kichwa kukubali, machozi yanashuka, na tukakaa hivyo mpaka mama akatuita kunywa chai. Niligundua jambo wakati ule: nilikuwa sijaufikiria mkono wangu tangu niingie mle chumbani.

Nilirudi Gitega mvua za masika zilipokwisha. Kine alinipima, akavisukuma vidole, akatabasamu. Vilifunguka karibu vyote; kidole cha mwisho kilibaki kimepinda, na akaniambia wazi kwamba hicho hakitanyooka. Nilimweleza kuhusu kukaa. Hakucheka. Alisema mazoezi na muda vimefanya sehemu yao, na kwamba mgonjwa asiyekaza mwili anampa kine kazi rahisi. Mimi siwezi kugawa hesabu hiyo, kwamba hapa ni ngozi iliyopona yenyewe, hapa ni kine, hapa ni upole. Najua tu nilivyokuwa nikiuvuta mkono kwa chuki, na ulivyokuwa unanijibu.

Kukaanga kulinichukua muda zaidi. Mume wangu alimwaga sementi kipande cha uwanja, akaweka mbabula mpya juu yake, akaijaribu kwa kuitikisa kwa mguu kama mtu anayejaribu daraja.

"Iko imara," alisema. "Mais kama hutaki, tutauza chapati tu. Chapati hazina shida."

Niliwasha makaa. Nilimimina mafuta. Yalipoanza kuchacharika, moyo uliruka kama zamani, mgongo ukaloa, na miguu ikataka mlango. Sikujiambia nisiogope. Nilirudi nyuma hatua kidogo, nikaupakata mkono, nikaupa pole, na hofu nayo nikaipa pole, na nikapumua nikiwa nimesimama huku mume wangu akijifanya anarekebisha kamba ya nguo. Binti yangu alisimama mlangoni, mbali, mahali nilipomwambia asimame. Nilitumbukiza sambusa chache. Za kwanza zilipasuka kwa sababu kidole kile kilichopinda hakikuweza kubana pembe vizuri. Nilizitoa. Tukazila hivyo hivyo, nyama imemwagika.

Bado naogopa. Siku nyingine nakaanga bila kufikiri. Siku nyingine naacha, namwita jirani wa hapa mtaani anisaidie kugeuza. Nakaa kila asubuhi baada ya swala, chumbani, mlango wazi. Sitafuti kitu pale, au najitahidi nisitafute.

Yule dada yangu wa Fizi alipata habari hatimaye. Mdogo wake alivuka mto na kuingia Burundi pamoja na watu wengine wengi. Yuko kambini, upande wa mashariki. Mama yao alikataa kuondoka nyumbani, na mpaka leo hakuna aliyemwona wala kusikia lolote kuhusu yeye. Dada aliacha vitenge vyake kwa mama yangu, akaenda kambini kumtafuta mdogo wake. Aliponipigia simu kutoka huko, nilisikia watoto wengi wakipiga kelele nyuma yake, na upepo ukigonga turubai.

"Nimemupata," alisema. "Amekonda, mais iko hai. Anaulizwa habari ya mama, ananyamaza tu."

"Na wewe, dada? Unakaa?"

"Leo nimejaribu. Nimeshindwa. Nimelia tu."

"Basi lia," nikamwambia. "Mimi niko hapa, sikati."

Akaiweka simu karibu na uso wake, nikamsikia analia, na mimi nikakaa kwenye sakafu ya chumba changu Gitega, simu sikioni, mpaka salio lake likaisha.